Ngazi ya Vituo Viwili

Mume akirudi nyumbani saa nne asubuhi, siku ya kazi, buti bado ziko miguuni na uso umemshuka, mke mwenye akili hamwulizi kulikoni. Anamsogezea kiti. Fundi alimsogezea kiti.

Mume wake alikuwa mtunza stoo wa kituo cha zimamoto, na mji mzima ulimwita Bwana Stoo, pamoja na mama yake mzazi. Walikaa kwenye nyumba za kikosi nyuma ya gereji, vyumba viwili na baraza, ukuta kwa ukuta na gari la zimamoto, kiasi kwamba gari likiwashwa vikombe vilicheza kabatini. Barazani ndipo Fundi alipoweka cherehani yake, na wateja waliijua njia ya kufika pale hata wakifumba macho. Bwana Stoo aliketi, akaiweka barua juu ya sketi iliyokuwa ikisubiri pindo.

"Soma."

"Mikono ina kazi. Nisomee wewe."

"Wakubwa wametia saini mkataba wa ushirikiano. Sisi na kikosi cha mji jirani."

"Si jambo jema?"

"Jema sana. Tutafanya mazoezi pamoja. Moto ukitushinda watakuja, ukiwashinda tutakwenda." Akaigeuza barua. "Na tutakaguliwa pamoja. Alhamisi ijayo. Uwanja mmoja, wakati mmoja."

Fundi akatoa mguu kwenye pedali. Cherehani ikanyamaza.

"Pamoja," alisema.

"Pamoja."

"Na ngazi je?"

Bwana Stoo akavua kofia, akaipakata kama mtoto mgonjwa.

Swali la ngazi lilikuwa swali zito. Kwenye makaratasi, kila kimoja kati ya vituo viwili kilikuwa na ngazi ndefu moja, kofia kumi na mbili, mitungi minne ya hewa na mipira ishirini ya maji. Kwenye stoo hali ilikuwa nyingine. Ngazi ya kituo hiki ilivunjika miaka sita nyuma, siku walipoitwa kumshusha paka wa mke wa mkurugenzi juu ya tangi la maji. Paka alishuka mwenyewe, ngazi ndiyo iliyohitaji kubebwa. Mipira ya majirani ilikuwa imeoza, na kofia na mitungi ya vituo vyote viwili ilitosha kituo kimoja tu. Wote waliomba vifaa vipya, na wote waliahidiwa, mpaka siku ya ukaguzi ikafika kabla ya vifaa.

Na kituo kikikutwa pungufu kinafungwa, vifaa vyake vinahamishwa, na wanaokaa nyumba za kikosi wanapewa siku thelathini za kuhama. Si hadithi ya kutisha watoto. Kituo cha tatu, upande wa machimbo, kilifungwa hivyo hivyo. Aliyekuwa mtunza stoo wake sasa alilinda duka la magodoro na kulala humo humo, juu ya godoro ambalo bado lilikuwa na nailoni.

Bahati ilikuwa kwamba mtunza stoo wa mji jirani alikuwa kaka yake Fundi. Mwanamume huyo aliitwa Kufuli, kwa sababu ya funguo zilizomning'inia kiunoni na kwa sababu ya tabia. Kwao ukaguzi ulikuwa mwezi wa tatu, huku mwezi wa sita. Ikifika zamu ya huku, vya huko vinavuka. Ikifika zamu ya huko, vya huku vinavuka. Mipira ilisafiri kwenye magunia ya mkaa. Kofia zilipanda lori la kabichi. Ngazi ilipakwa rangi nyekundu ikiwa huku na ya njano ikiwa huko, na kwa miaka sita ilikuwa imenenepa kwa rangi. Fundi ndiye aliyeishonea kifuniko cha turubai, na kwa kuwa ilipita barabarani imefunikwa gubigubi, ikitoka kwa wakwe kwenda kwa wakwe, askari wa pande zote mbili waliiita Bibi Harusi.

Kila mwaka baada ya kukaguliwa walituma tena ombi la vifaa. Kila mwaka jibu lilirudi na mhuri ule ule: kwa mujibu wa ukaguzi, vifaa vyenu vimekamilika.

*

Kufuli alikuja Jumapili mchana, funguo zake zikamtangulia kwa sauti. Alimkumbatia dada yake, akakataa chai, akainywa.

"Shemeji," alianza, "nimekuja kirafiki. Alhamisi ngazi inakaa kwetu."

"Kirafiki gani huko, shemeji? Ngazi imekaa kwenu tangu mwezi wa tatu."

"Ndiyo maana. Imeshazoea."

"Ngazi inazoea?"

"Ile ni yetu kiasili. Kwangua hiyo rangi uone chini kuna nini."

"Chini kuna nyekundu, juu yake njano, juu yake nyekundu. Ukifika kwenye chuma utakuwa umestaafu." Bwana Stoo akavuta kiti mbele. "Chukueni ngazi. Sisi tupeni mitungi."

"Mitungi yote minne?"

"Wewe ukipanda ngazi yako utapumua hewa ya bure, shemeji. Huko juu iko nyingi."

Wakaenda hivyo kwa saa nzima. Kufuli alitoa kofia saba, akarudisha mbili, akadai mpira mmoja juu yake. Bwana Stoo alitishia kumkumbusha mambo ya siku ya harusi yake. Fundi alishona akiwasikiliza, pini mbili mdomoni. Alikuwa dada wa mmoja na mke wa mwingine, na aliona wazi kwamba kati ya hao wawili yeyote atakayeshinda, atamletea mwenzake siku thelathini. Akishindwa kaka, atahamia kwake na funguo zake. Akishindwa mume, basi ni yeye na cherehani watakaofukuzwa. Aliitazama baraza. Alijaribu kuiona cherehani kati ya magodoro, akashindwa.

Akatema pini.

"Uwanja wenyewe ni upi?"

"Ule wa mpakani," alisema mume wake. "Goli moja liko kwetu, goli moja kwao."

"Na mtasimama wapi?"

"Sisi upande wetu, wao upande wao. Mkaguzi anaanza na sisi, halafu hotuba, halafu anakwenda kwao."

"Hotuba ziko katikati?"

"Katikati."

"Basi nileteeni kitambaa," alisema Fundi. "Kipana. Mita kumi na tano hivi. Siku kubwa kama hiyo haiwezi kukosa bango."

Wanaume walitazamana. Kufuli ndiye aliyeelewa kwanza, na chai ikampalia.

*

Bango lilikuwa zuri, hata wabaya wake wangekubali. Lilitundikwa kwenye nguzo tatu kukata uwanja katikati, kutoka juu ya kichwa cha mtu mrefu mpaka kugusa majani, na limeandikwa kwa herufi za kukatwa na kushonwa: MAJIRANI TUNAZIMA PAMOJA. Mkuu wa kituo cha huku alimweleza mkuu wa kituo cha huko kwamba wazo lilikuwa lake. Wakuu wote wawili walijua mambo ya ngazi jinsi wakubwa wanavyojua mambo, bila kuambiwa.

Fundi alisimama pembeni ya nguzo ya kati, sindano na uzi kifuani, endapo mshono utaachia.

Mkaguzi alikuwa mwanamke mfupi wa makamo, mgeni wa kazi hiyo kwa upande huu, mwenye viatu vya kutembea na sauti ya kuomba chumvi mezani. Alipita mstari wa askari wa huku polepole. Alihesabu kofia: kumi na mbili. Alihesabu mitungi: minne, akafungua mmoja akausikiliza. Alihesabu mipira. Alipanda ngazi mpaka kidato cha tano akiwa na sketi yake, akashuka. Na kila alichokihesabu alikigusa kidogo kwa mkono, kama mtu anayebariki.

"Vizuri," alisema. "Hotuba."

Mkuu wa huku alipangiwa dakika tano. Kwa mara ya kwanza katika utumishi wake, askari wake walimsihi aongeze. Alizungumzia ujirani, akarudi kwenye historia ya maji, akapitia moto tangu ulipogunduliwa. Nyuma ya migongo ya wageni, kofia zilipita chini ya bango moja moja kama vifaranga. Mipira ikafuata. Mitungi ikafuata, kila mmoja umelala juu ya fulana ya mtu ili usigonge. Askari wa huku walibaki vichwa wazi, wanajikausha.

Ikabaki ngazi.

Ngazi ni mita nane, na bango la Fundi, kwa fahari ya mshonaji, lilikuwa na pindo zito lenye mchanga ndani ili upepo usilipeperushe. Kufuli alivuta kutoka kwao, Bwana Stoo alisukuma kutoka huku. Ilipita nusu, ikakwama kwenye pindo. Kufuli akavuta zaidi. Nguzo ya kati ikainama kidogo, na neno TUNAZIMA likapata mkunjo. Fundi aliona mume wake anamtazama kwa macho ya mtu anayeomba mkasi. Akatikisa kichwa. Herufi zile alizikata kwa siku tatu.

"Na kwa hayo machache," alisema Mkuu, ambaye koo lilikuwa limemkauka, na wageni wakapiga makofi.

Mkaguzi alizunguka bango, akaingia upande wa pili. Alihesabu kofia: kumi na mbili. Kisha akazipitia tena; alipofika kwenye ya tatu, akarudi nyuma hatua moja. Akainama. Kwenye kila kofia, juu kidogo ya sikio, palikuwa na mstari mdogo wa chaki ya bluu. Akalamba kidole kimoja, akaufuta mstari, akakitazama kidole.

"Hii kofia tumeshaonana," alisema.

Alikwenda kwenye mitungi. Kila mmoja ulikuwa na mstari. Mipira nayo, mpaka wa ishirini. Fundi akaelewa. Mwanamke yule alikuwa anaweka alama za chaki kama fundi yeyote anayejua kazi yake, na wao walidhani anabariki.

Mkaguzi akaja mpaka kwenye bango, akashika pindo, akalinyanyua. Upande mmoja alikuwa Kufuli, ameshika kichwa cha ngazi. Upande wa pili alikuwa Bwana Stoo, ameshika miguu yake. Nyuma yake askari kumi na wawili vichwa wazi walitazama mawingu.

"Ngazi hii iko mji gani?" aliuliza Mkaguzi.

Bwana Stoo alifikiri kwa uaminifu.

"Iko njiani, afande."

Askari mmoja alicheka kwa pua, akaigeuza kuwa kikohozi. Mkuu wa huku aligundua kuwa kamba ya kiatu chake imefunguka, akainama muda mrefu. Mkaguzi hakucheka wala hakukasirika. Aliketi juu ya ngazi, pale pale mpakani, akafungua faili kwenye magoti.

"Nani watunza stoo?"

"Mimi," alisema Bwana Stoo.

"Na mimi," alisema Kufuli, baada ya kutazama kama kuna mtu mwingine.

"Tangu lini?"

"Miaka sita."

"Moto ukiwaka kwenu na kwao siku moja, mnafanyaje?"

"Haijawahi kutokea, afande," alisema Kufuli haraka.

Bwana Stoo alikuwa anatazama majani.

"Tunachagua," alisema.

Kila mtu pale, isipokuwa Mkaguzi, aliijua siku yenyewe. Ilikuwa mwezi wa sita mwaka juzi, ngazi ipo huku inasubiri rangi ikauke kwa ajili ya ukaguzi wa kesho yake, nyumba ya ghorofa ikaungua kule. Kikosi cha kule kilipiga simu. Mkuu wa huku akasema rangi ni mbichi. Mwalimu mmoja aliruka kutoka ghorofa ya pili juu ya mashuka yaliyoshikwa na majirani, na mashuka hayakumbeba vizuri. Sasa alitembea na fimbo. Alikuwa mteja wa Fundi. Sketi zake Fundi alizikata upande mmoja mrefu kwa vidole viwili, ili pindo lionekane limesimama sawa, na mwaka mzima alikuwa amezikata hivyo bila kusema neno lolote zaidi ya bei.

"Sikilizeni," alisema Mkaguzi. "Naweza kuandika vituo viwili kamili. Walionitangulia waliandika hivyo, na sidhani kama wote walikuwa vipofu. Au naandika nilichokiona. Vyovyote iwavyo, mtunza stoo anatia saini chini, na maneno yanakuwa yake."

Akamnyooshea Bwana Stoo kalamu.

Bwana Stoo hakuitazama kalamu. Alimtazama mke wake. Alikuwa mtu mzima, mwenye cheo, mbele ya vikosi viwili, na alimtazama mke wake kama mtoto anayeuliza kama anaruhusiwa kutoka nje. Wengine waliona. Mmoja alimgusa mwenzake kwa kiwiko.

Fundi aliiona baraza, cherehani, vikombe vinavyocheza. Aliona siku thelathini, zimepangwa kama vifungo.

"Baba," alisema, "ngazi ni ngapi?"

"Moja."

"Basi andika moja. Unataka nikushikie mkono?"

Sasa walicheka waziwazi, vikosi vyote viwili, na Bwana Stoo akatia saini masikio yakimwaka. Kufuli alibaki na kichwa cha ngazi mkononi.

"Shemeji," alisema kwa uchungu, "ukiandika moja huko, umeniandikia sifuri huku."

"Kwa hiyo nawe andika ile ile. Ni moja, tunaiandika mara mbili. Si ndiyo kazi yetu?"

Kufuli akaguna, akaweka ngazi chini, akatia saini kwa herufi ndogo sana.

*

Siku thelathini za kusubiri majibu zilikuwa mbaya kuliko siku thelathini za kuhama. Mkuu aliacha kumsalimia Bwana Stoo, kisha akamsalimia kwa sauti ya msibani. Mke wa dereva wa gari alikuja kupima dirisha la chumbani kwa macho, akasema mapazia yake ya zamani yangelitosha. Fundi alimwambia alete nguo ya kushona au aende.

Barua ilipokuja, ilikuwa ya kurasa tatu. Watunza stoo wote wawili walipewa onyo kali. Vituo vyote viwili viliandikwa pungufu. Kuhusu kufungwa, Mkaguzi alikuwa ameandika kwa ile sauti yake ya kuomba chumvi: hakuna kinachoweza kufungwa, kwa sababu kila kimoja kimekutwa na nusu ya kingine. Vifaa vitanunuliwa bajeti ikiruhusu. Wakati huo, kwa mujibu wa mkataba, ngazi itakaa siku kwa zamu, na ratiba ibandikwe mlangoni wananchi waisome.

Bwana Stoo aliibandika mwenyewe. Jumatatu mpaka Jumatano, ngazi ipo. Alhamisi mpaka Jumapili, ngazi iko kwa jirani; moto ukiwaka, tutaiita.

Kufikia mchana mlango ulikuwa umezungukwa na watu. Mwenye nyumba ya ghorofa nne aliuliza Ijumaa wapangaji wake wapike au wale mkate. Mwenye duka la mafuta ya taa aliondoka bila kuaga, akarudi na mwenyekiti wa soko. Jioni karatasi ya malalamiko ilikuwa na saini nyingi kuliko zilizowahi kuonekana kwa jambo lolote isipokuwa maji, na mkurugenzi, mwenye paka, alisikika akisema kwa simu kwamba yeye siku zote amekuwa akiuliza mambo ya ngazi.

Katikati ya umati alisimama Mwalimu na fimbo yake. Aliisoma ratiba mara mbili, taratibu, kama anasahihisha. Kisha akazunguka gereji, akaja barazani, akaketi kwenye kiti cha wateja.

"Siku ile," alisema, "ilikuwa huku."

Fundi angeweza kuuliza siku ipi. Alilizima wazo hilo.

"Ilikuwa huku."

"Mlikuwa mnaifanyia nini?"

"Tulikuwa tunaikausha rangi. Mimi nilikuwa naishonea kifuniko."

Nyuma ya ukuta mtu aliwasha gari la zimamoto kulijaribu, na kabatini vikombe vikaanza kucheza. Walisubiri mpaka likazimwa. Kisha Mwalimu akainuka, akaegemeza fimbo kwenye cherehani, akanyoosha mikono pembeni.

"Nipime," alisema. "Sketi mbili na gauni la Idi na Krismasi zote pamoja. Na hizi silipi. Wala zitakazofuata."

"Mpaka lini?" aliuliza Fundi, akichukua futi.

"Kwani mimi nimebandika ratiba?"

Fundi alipiga magoti, akapima. Upande wa kushoto aliongeza vidole viwili.